Mkono Uliotoboa Jiwe

Katika miaka ya 1970, katika pango la Matupi lililo kwenye mlima Hoyo, kusini-magharibi mwa Bunia, kilifukuliwa kipande cha jiwe lililotobolewa. Aliyeongoza kazi hiyo ni Francis Van Noten, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Ubelgiji. Tabaka la udongo lililokihifadhi lina umri wa miaka ipatayo 20,000. Jiwe lenyewe lilivunjika zamani, nasi tumeachiwa sehemu yake tu. Lakini tundu linaonekana, na usoni pake kuna mistari ambayo maji na mizizi haviwezi kuichora. Kuna mtu aliyekaa chini, akaushika mkononi mfupa huu wa ardhi, akauchanja.

Wengi wakisikia habari hii huvutwa na idadi ya miaka. Mimi huvutwa na tundu. Umri hauna sifa yake; kila kokoto la mto ni kuukuu kuliko binadamu wote. Tundu ni jambo jingine. Jiwe gumu halitoboki lenyewe katikati, sawasawa, mpaka upande wa pili. Kila chembe iliyotoka pale ilitolewa na mkono, na mkono huo ulikuwa wa mtu aliyeishi katika nchi yetu hii ya Ituri.

Hapa Kpandroma, kwenye nyanda za juu za teritwari ya Djugu, hatuhitaji kwenda makumbusho ili kumwelewa mtu huyo. Baridi ya asubuhi ikianza kuondoka, utasikia mawe yakifanya kazi. Mashini ya kusaga ipo, na gunia la mahindi au la mihogo mikavu hupelekwa huko. Lakini jiwe la kusagia halijafukuzwa uani. Wimbi kidogo la uji wa mtoto, ufuta, karanga za mboga, dawa ya mzee: vitu hivi bado vinapita chini ya jiwe katika nyumba nyingi, kwa sababu ni vichache mno kwa mashini, au kwa sababu mwenye nyumba anajua ladha anayoitaka.

Tazama namna mama anayejua kazi anavyosaga. Hupiga magoti nyuma ya jiwe kubwa lililoinamishwa kidogo. Jiwe dogo hulishika kwa mikono miwili. Nguvu haitoki mabegani. Inatoka kiunoni, inapita mgongoni, inashuka mikononi. Akisukuma hukandamiza, akirudisha hulegeza. Nafaka haimwagwi yote kwa pamoja, inasogezwa kwa vidole kiasi kidogo kidogo. Unga hushuka mbele. Asiyejua hutumia nguvu nyingi kwenda na kurudi, baada ya muda mfupi amechoka, na unga wake una chenga.

Kuna jambo ambalo mgeni hulishangaa. Jiwe la kusagia likitumiwa sana huwa laini, na likiwa laini halisagi tena. Nafaka huteleza juu yake. Basi mama huchukua jiwe jingine, gumu na lenye ncha, akaanza kuligonga lile kubwa: ko, ko, ko, pigo dogo dogo, mstari kwa mstari, mpaka uso wote umekuwa na vidonda vidogo vya kung'ata nafaka. Pigo likizidi nguvu, jiwe hupata ufa. Likipungua, hakuna kinachotoka. Na jiwe la kugongea lisipokuwa gumu, litakwisha lenyewe kabla ya kazi. Mwenye jiwe hujua kwa sikio: jiwe zima hulia sauti kali, jiwe lenye ufa ndani hutoa sauti iliyokufa.

Hiyo ndiyo shule aliyosoma fundi wa Matupi. Kazi ya kutoboa jiwe huanza kwa mapigo hayo hayo. Unachagua jiwe la mviringo ambalo mto umeshalifanyia nusu ya kazi. Unaligonga ulisikilize. Unatafuta katikati ya uso wake, na hapo unagonga mpaka pawe na kishimo. Unaendelea, ukiondoa vumbi, mpaka kishimo kiwe shimo. Likifika karibu nusu ya njia, unaligeuza jiwe na kuanza upya upande wa pili. Ukitaka kupita moja kwa moja kutoka upande mmoja, pigo la mwisho litafumua uso wa pili na kazi yote itapotea. Mashimo mawili yakutane katikati: hapo ndipo jicho la fundi linapopimwa, kwa kuwa haoni anakokwenda. Ndiyo sababu matundu ya mawe ya namna hii, yanayopatikana sehemu nyingi za Afrika, mara nyingi huwa mapana kwenye nyuso na membamba katikati, kama vikombe viwili vilivyounganishwa matako. Umbo hilo linatusimulia kazi ilianza wapi na iliishia wapi.

Kisha huja mchanga. Mtu akichukua kijiti, akakilowesha, akakitia mchanga na kukizungusha ndani ya tundu, si kijiti kinachokula jiwe. Ni mchanga. Chembe nyingi za mchanga wa mto ni za kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo kila mtoto wa Ituri amelitupa kijitoni. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa daraja 10 za ugumu, kila moja likiweza kuchana lile lililo chini yake. Kwatsi lipo daraja la 7. Kisu cha kawaida cha chuma hakifiki hapo. Maana yake ni kwamba mtu asiye na chuma, mwenye maji, mti na mchanga, alikuwa tayari na kitu kinachoweza kulainisha karibu kila jiwe alilokutana nalo. Alichokuwa akikitoa yeye ni muda, na uangalifu wa kuutumia muda bila kuharibu.

Kazi ya jiwe lenye tundu inajulikana kwa kulinganisha. Wasan wa kusini mwa Afrika walikuwa wakivika mawe kama hayo kwenye vijiti vya kuchimbia mizizi, ili uzito wa jiwe uzamishe ncha ya kijiti ardhini. Huko Harar, Ethiopia, wakulima nao walikuwa na vijiti vya kulimia vyenye mawe ya kutobolewa. Ardhi ya Matupi wakati huo haikuwa kama ya leo. Mifupa ya wanyama iliyotoka pangoni inaonyesha kwamba palipo na msitu sasa palikuwa na mbuga na miti michache, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa katika kipindi cha baridi na ukavu. Katika nchi ya namna hiyo chakula kingi kipo chini ya ardhi, na jembe la mwanzo ni kijiti kizito.

Tukubali basi kwamba ni uzito wa kijiti. Hapo ndipo mistari inaponifanya nisimame. Mstari hauongezi uzito. Haukusaidii kuchimba kiazi. Fundi alikuwa amemaliza: tundu limepita, kijiti kinaingia, chombo kinafaa. Aliongeza kazi juu ya kazi. Na kuchanja jiwe gumu kwa ncha ya jiwe jingine kunadai mkono uliotulia zaidi kuliko kugonga, kwa sababu ncha huteleza, na mstari uliokosewa haufutiki. Alikuwa akichanja nini? Alama ya mwenye mali, hesabu, pambo, sala? Upande wa kusini, Ishango, mahali mto Semliki unapotoka ziwa Edward, Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye kipande cha kwatsi kwenye ncha na mikato iliyopangwa katika safu 3. Ukihesabu mikato hiyo unapata 60, 60 na 48. Mfupa huo nao unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi. Wataalamu wamebishana juu ya maana ya hesabu zake mpaka leo. Lakini jambo moja naliona wazi: watu walioishi baina ya ziwa Edward na mlima Hoyo, zama hizo, walikuwa na desturi ya kuweka mistari kwa mpango juu ya vyombo vyao vya kazi. Uzuri ulikaa kwenye jembe. Haukungoja siku ya sikukuu.

Vyombo vingi vya Matupi ni vidogo sana, vipande vya kwatsi vilivyopasuliwa ili kupata makali. Kwatsi si jiwe la kirafiki. Lina nyufa zake za ndani, linavunjika linakotaka, na fundi anayelipasua lazima ajue kusoma donge kabla ya kuligonga. Makali yaliyopatikana yalitiwa kwenye mpini wa mti au wa mfupa, na likiharibika moja linabadilishwa hilo moja tu. Nafikiri sana juu ya jambo hili kila ninapoona mawe meupe yaliyorundikwa kwenye machimbo. Tangu dhahabu ilipogunduliwa huko Kilo mwaka 1903, watu wa Ituri wamekuwa wakitwanga kwatsi mpaka liwe unga, walioshe, wakitafuta chembe ya njano iliyojificha ndani, na unga mweupe humwagwa. Kwa watu wa Matupi utajiri ulikuwa lile jeupe lenyewe. Mikono ni ile ile, pigo ni lile lile, na jiwe ni lile lile. Kilichobadilika ni kinachotafutwa ndani yake.

Tukitoka hapa tukaelekea kaskazini-magharibi, mpaka bonde la mto Uele, tunakutana na kazi nyingine ya mawe ambayo, kwa macho yangu, ni miongoni mwa zilizo nzuri kabisa barani. Ni mashoka ya hematiti. Tangu mwisho wa karne ya 19 wasafiri na watumishi wa serikali ya kikoloni waliyakusanya, na Xavier Stainier aliandika juu ya mawe ya kale ya Kongo mwaka 1899. Mwaka 1968 Van Noten, yule yule wa Matupi, alitoa kitabu kizima juu ya mawe hayo ya Uele. Mengi yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels.

Hematiti ni mawe ya chuma, yale yale ambayo wafua chuma waliyatia tanuruni. Ni nzito: donge lake ni karibu mara mbili ya uzito wa kwatsi la ukubwa ule ule. Ukilisugua, unga wake ni mwekundu. Fundi wa Uele alianza kwa kugonga, akilipa donge umbo la jani nene: nyuma limechongoka, mbele limepanuka, mashavu mawili yamevimba kwa usawa. Halafu akalipeleka mtoni, juu ya mwamba, akalisugua kwa maji na mchanga. Miamba ya namna hiyo ingalipo Uele, na mifereji yake iliyoliwa na kusuguliwa inaonekana. Maji yaliyotiririka hapo yalikuwa mekundu, na viganja vya fundi vilikuwa vyekundu, kwa rangi ile ile ambayo watu wa sehemu nyingi za Afrika wamejipaka katika ngoma na katika mazishi.

Ugumu wa hematiti ni kati ya daraja la 5 na nusu na la 6 na nusu. Mchanga wa kwatsi unaishinda, lakini kwa kadiri ndogo, kwa hiyo ushindi huja polepole. Kazi hii haiwezi kuwa ya siku moja. Inaanza na mchanga wa chenga, ikifuatwa na mchanga laini, na kung'arisha kwa mwisho ni kwa unga wa jiwe lenyewe. Mashoka yaliyofanyiwa kazi vizuri yanang'aa kiasi cha kurudisha mwanga. Mashavu yake hayana bonde wala kilima ambacho kidole kinaweza kukigundua. Makali yanapita katikati kabisa ya unene. Mtu hakuwa na rula wala mashine. Alikuwa na kidole gumba, jicho, na desturi ya kugeuza kazi upande wa pili kabla upande wa kwanza haujazidi. Ndiyo siri yote ya ulinganifu: kugeuza mara nyingi.

Sasa sikiliza sehemu inayosumbua akili. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mashoka haya ni ya zama za mawe, kabla watu hawajajua chuma. Lakini huko Buru, katika bonde hilo la Uele, katika uchimbaji uliofanywa kwa utaratibu, shoka la namna hiyo lilikutwa pamoja na mabaki ya kuyeyushia chuma, na vipimo vya kaboni vikaelekeza karibu na karne ya 17. Yaani waliokuwa wakisugua hematiti walikuwa na majirani, au walikuwa wenyewe, wanaojua kuiyeyusha. Tanuru lilikuwepo. Shoka la chuma lingeweza kutoka humo. Hata hivyo mtu alichukua donge la mawe ya chuma, akakataa njia ya moto, akafuata njia ya maji.

Kwa nini? Baadaye wakazi wa Uele waliyaokota mashoka haya shambani na kuyaita mawe ya radi, wakiamini yametoka mbinguni pamoja na umeme. Imani hiyo ipo sehemu nyingi za dunia ambako mashoka ya kale huibuka baada ya mvua kubwa. Lakini yanayong'aa hivyo, mengi yakiwa na makali mazima, yanaleta fikira kwamba hayakufanywa kwa ajili ya kuangusha miti. Pengine yalikuwa mahari, au mali ya mkubwa, au chombo cha ibada. Mimi naona jibu moja angalau limeandikwa kwenye jiwe lenyewe: aliyelifanya alitaka kazi ionekane. Mtu akilitazama shoka hilo, anachoonyeshwa ni siku. Ni mali ambayo thamani yake ni muda wa mwanadamu, umefanywa uwe kitu cha kushika.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki kuna ndugu wa fumbo hili. Kusini mwa Costa Rica, katika bonde la Diquís, wenyeji walioishi kabla ya Columbus kuvuka bahari walichonga tufe za mawe. Zinazojulikana ni zaidi ya 300. Nyingine ni za kukamata kwa mikono, na kubwa kabisa zina kipenyo cha zaidi ya mita 2. Zilijulikana sana katika miaka ya 1930, wakati kampuni ya United Fruit ilipokuwa ikifyeka msitu kupanda migomba. Wenye tamaa waliposikia uvumi wa dhahabu, walizipasua baadhi kwa baruti. Ndani hapakuwa na kitu ila jiwe. Nyingine zilibebwa zikapambe bustani za wakubwa. Baada ya hapo watu wakaanza kuuliza: nani aliyezifanya? Wengine wakasema ni majitu, wengine wakasema ni viumbe wa nyota.

Mafundi wa Diquís walitumia yale tunayoyaona Kpandroma: kugonga kwa jiwe gumu, kusugua, kugeuza, kupima kwa jicho, kurudia. Doris Stone na Samuel Lothrop, waliochunguza tufe hizo katika miaka ya 1940, walikuta baadhi zikiwa bado mahali pake, zimepangwa. Hizo ndizo zilizofundisha kitu. Iliyokwisha kuhamishiwa kwenye bustani ilibaki nzuri lakini haikuweza kujibu swali, kwa kuwa jirani zake, udongo wake na vigae vya vyungu vilivyolala chini yake viliachwa nyuma. Mwaka 2014 UNESCO iliyaweka maeneo 4 ya tufe hizo kwenye orodha ya urithi wa dunia, na kinacholindwa humo ni tufe pamoja na makazi ya wenyewe. Nusu ya fumbo, basi, tunaitengeneza sisi. Mashoka mengi ya Uele nayo yaliokotwa, yakauzwa, yakapelekwa mbali, na hakuna aliyeandika yalikutwa wapi. Shoka moja lililochimbuliwa Buru kwa utaratibu limetuambia zaidi kuliko mamia yaliyopangwa kabatini.

Nalisema hili nikiwaza ardhi ya Djugu. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na mapigano yaliyoanza tena mwishoni mwa 2017, vimewatoa watu majumbani mara nyingi. Anayekimbia hubeba mtoto, sufuria, godoro akiweza. Jiwe la kusagia hubaki uani. Nyumba huchomwa, majani humea, na jiwe lipo palepale lilipowekwa, likiwa na bonde lililochimbwa na magoti na mikono ya miaka mingi. Anayerudi hulitambua kabla ya kutambua ukuta. Wataalamu wa mambo ya kale hufanya kazi na vitu vya namna hiyo hasa, vilivyokuwa vizito mno kubebwa, na ndivyo wanavyojua jiko lilikuwa wapi na watu walikula nini.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu, kwa wakulima na kwa wachimba dhahabu wa huku kwetu. Jembe likigonga jiwe lenye tundu, au jiwe zito jekundu lililosuguliwa, msilipasue kuangalia ndani. Ndani hamna kitu. Kazi yote ipo nje. Lichoreni lilivyolala, andikeni kina cha shimo, angalieni kama lina mkaa, vigae au mabaki ya kuyeyushia chuma pembeni, kisha mpelekeeni habari mwalimu au chefu, naye aifikishe kwenye chuo kikuu cha Bunia au Makumbusho ya Taifa iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2019. Na mwalimu akiwa na saa moja ya somo la historia, awape wanafunzi kokoto, mchanga wa mto, kijiti na maji, awaambie waanze kutoboa. Saa ikiisha watakuwa na kidoa tu juu ya jiwe. Hapo ndipo awaeleze habari za Matupi, nao watasikiliza kwa vidole vyao.

Kwani heshima kwa fundi huanzia kwenye kazi, na kazi huacha alama zinazosomeka. Kabla ya kuliita jiwe lolote fumbo, tuulize lilikutwa wapi, lilikuwa na nini kando yake, na mkono ulilipitia kwa hatua zipi. Majibu ya maswali hayo matatu yamo katika udongo wa Ituri. Yatapatikana kama tutakuwa na subira ya kuangalia iliyo sawa na subira iliyotumika kutoboa.